Mfugaji ananihoji kama polisi: ninunue mbwa kwake?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi na mume wangu tunataka kununua mtoto wa mbwa, wa kwanza maishani mwetu. Nimempata mama mmoja anayefuga Labrador nyumbani kwake, ana majike wawili tu. Nilipompigia simu nilidhani mimi ndiye mnunuzi, kumbe nahojiwa: ua wetu una uzio au hauna, nani anashinda nyumbani, watoto wetu wana umri gani, tukisafiri mbwa atabaki na nani. Anasema watoto hawatoki kwake kabla ya wiki nane, kuna mkataba wa kutia saini, na yeye ndiye atakayeamua nichukue yupi. Kuna muuzaji mwingine ana aina sita za mbwa, bei yake iko chini, watoto wake wana wiki tano, na kesho ananiletea mpaka mlangoni. Mume wangu anasema mbwa ni mbwa. Nitajuaje kama huyu mama ni mfugaji makini au anajidai tu? Na je, tuchukue wawili wasije wakawa wapweke?

Jibu: Marahaba dada. Nianze na lililo jepesi: huyo wa kukuletea kesho mlangoni mwache. Anakuuzia mtoto wa wiki tano, na mtu anayewajua mbwa hawezi kufanya hivyo kwa nia njema. Huyo mama mwenye maswali mengi ndiye wa kumfuatilia, lakini usimpe pesa bado. Maswali peke yake hayathibitishi kitu. Siku hizi hata matapeli wamejifunza kuhoji, kwa kuwa wameona wanunuzi wanapenda kuhojiwa.

Ili ujue cha kutafuta kwake, fahamu kwanza unanunua nini. Mtoto wa mbwa anapofika kwako akiwa na wiki nane, sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanyika, vizuri au vibaya, na wewe hukuwepo. Unachomlipa mfugaji ni hizo wiki nane, pamoja na maamuzi aliyofanya kabla jike hajapandishwa. Mtoto mwenyewe ukimtazama hakuambii mengi. Watoto wote wa mbwa wa umri huo wanapendeza, hata waliolala ndani ya boksi nyuma ya gari la muuzaji.

Basi nikupeleke kidogo ndani ya wiki hizo. Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, na mtoto huzaliwa haoni wala hasikii. Macho hufumbuka kati ya siku ya 10 na ya 14, masikio hufunguka siku chache baadaye, na katika majuma mawili ya mwanzo hawezi kujitunzia joto la mwili. Akitambaa akatoka kwenye tandiko na mama asimwone, anapoa, na akishapoa hanyonyi tena. Kwa hiyo mfugaji makini siku hizo hana usingizi wa maana. Analaza godoro lake pembeni ya sanduku la kuzalia. Anahakikisha kila mmoja amenyonya dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya mama, ndani ya saa 24 za kwanza, maana humo ndimo inamopita sehemu kubwa ya kinga ya mama. Na anawapima kila siku kwa mizani ya jikoni, ile ile ya unga, akiandika. Mtoto mwenye afya huwa na uzito mara mbili ya ule aliozaliwa nao anapofikisha siku 7 hadi 10. Asiyeongezeka siku mbili mfululizo tayari ana shida, hata kama kwa macho anaonekana mzima.

Mwombe akuonyeshe hayo maandishi. Mfugaji mmoja aliwahi kunionyesha daftari la shule, la mistari, limelowa maziwa pembeni. Watoto walikuwa bado hawana majina, wanaitwa kwa rangi za nyuzi zilizofungwa shingoni: Nyekundu gramu 410, Buluu 395, Kijani 340. Pembeni ya Kijani palikuwa na alama ya mshangao na saa alizonyweshwa kwa chupa usiku ule: saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Mwandiko wa saa kumi hausomeki. Baada ya kuona ukurasa ule sikumwuliza kama anawapenda mbwa wake.

Kuanzia wiki ya tatu kazi inabadilika, na hapa ndipo mbwa aliyelelewa sebuleni anapoachana na aliyelelewa bandani. Kati ya wiki ya 3 na ya 12 hadi 14 mtoto anajifunza kipi duniani ni cha kawaida na kipi ni cha kuogopwa. Mwaka 1961 watafiti Freedman, King na Elliot walichapisha matokeo ya kazi yao ya Marekani: waliacha watoto wa mbwa wakue kwenye viwanja vilivyozungushiwa uzio mrefu bila kuguswa na binadamu, kisha wakawa wanawatoa mmoja mmoja katika umri tofauti tofauti ili wakae na watu. Waliokutana na watu mapema, wiki ya 3 hadi ya 9, walizoea. Wale ambao hawakukutana na mtu mpaka wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini, na kuwabembeleza baadaye hakukusaidia sana.

Sasa piga hesabu. Katika kipindi hicho, wiki tano nzima zinapita nyumbani kwa mfugaji kabla hujampata mbwa wako. Kama sanduku la watoto liko jikoni au sebuleni, wanasikia sufuria ikianguka, mashine ya kusaga, runinga, mlango ukigongwa, mtoto akilia, na mama yao hashtuki, basi nao hawashtuki. Wanashikwa kila siku, miguu inaguswa, masikio yanachunguliwa, wageni wanaingia. Aliyekulia kwenye banda la nyuma, akimwona mtu mara mbili kwa siku wakati wa chakula, atakuja kwako mzuri vile vile, mtulivu hata kumzidi mwenzake. Wanunuzi husema "huyu ni mpole". Mara nyingi huo upole ni woga uliogandisha mwili, na utauona rangi yake halisi akifikisha mwaka, siku mgeni atakaponyoosha mkono kumpapasa.

Ndugu zake nao wana somo la kumpa. Wiki ya tano hadi ya nane ndipo watoto wanapong'atana kutwa: mmoja akizidisha, mwenzake anapiga kelele na kuacha mchezo. Hivyo ndivyo anavyojua meno yake yana nguvu kiasi gani. Mama naye huwakaripia. Aliyetolewa wiki ya tano anakuja kujifunzia hayo kwenye vidole vya wanao.

Kuna na la choo, ambalo watu hawalifikirii. Kuanzia wiki ya tatu hivi mtoto wa mbwa, kwa maumbile tu, husogea mbali na anapolala ili ajisaidie. Mfugaji akimpa nafasi, pa kulala hapa na pa choo pale, tabia hiyo inakomaa na wewe utamfundisha kutoka nje bila tabu kubwa. Akifungiwa kwenye kizimba kidogo ambamo lazima alalie uchafu wake, maumbile yanazimika, na kuyawasha tena ni kazi ya miezi. Kwa hiyo ukifika kwa huyo mama, angalia sakafu. Watoto wa mbwa wanachafua, hakuna nyumba yenye watoto wanane isiyo na harufu. Unachotafuta ni kama wana mahali pa kulala palipo pakavu na mahali pengine pa kujisaidia, na kama uchafu ulioko ni wa asubuhi ile au wa juzi.

Na umtazame mama wa watoto kabla hujawatazama watoto. Najua ni vigumu, viumbe hivyo vinakukimbilia miguuni. Jikaze. Jike aliyenyonyesha wiki sita atakuwa amekonda kidogo, manyoya yamepukutika, chuchu zimening'inia. Hayo ni ya kawaida, yasikutishe. Mwangalie anavyomtazama mwenye nyumba. Anaweza kukubwekea unapoingia, ana watoto, ni haki yake, lakini akiona mwenyewe ametulia naye atulie. Jike anayejificha nyuma ya kochi muda wote, au anayefungiwa chumbani "kwa sababu hapendi wageni", atakuwa amewarithisha watoto sehemu ya hali hiyo na sehemu nyingine wameiona kwake kila siku. Wapo pia wauzaji wanaoazima jike wa kuonyesha. Huyo utamtambua: chuchu zake hazina dalili ya kunyonywa, na watoto hawamjali. Uingereza, kwa upande wa England, tangu Aprili 2020 sheria inamtaka anayeuza mtoto wa mbwa wa chini ya miezi 6 kibiashara awe ndiye aliyemzalisha, na wachuuzi wa kati hawaruhusiwi. Sheria hiyo inaitwa kwa jina la mbwa, Lucy, jike wa aina ya Cavalier aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka shamba la kuzalisha mbwa huko Wales, akiwa amechakaa kwa kuzalishwa mfululizo. Wanunuzi wa watoto wake hawakuwahi kumwona.

Baba wa watoto usimsumbukie sana. Wanunuzi wengi huona ni dosari dume asipokuwepo. Mimi naona kinyume. Mfugaji mwenye majike wawili aliyesafiri kutafuta dume anayefaa, akalipia kupandisha, amefikiri zaidi kuliko mwenye dume uani anayempandisha kila jike kwa kuwa yupo na ni bure. Unachohitaji kwa baba ni jina lake, picha, na karatasi zake za vipimo.

Tukifika kwenye karatasi, hapa ndipo watu wanapochanganywa zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Zipo za aina tatu na kila moja inasema jambo lake. Cheti cha nasaba kinasema nani amezaa nani. Hakisemi kama yeyote kati yao ni mzima. Kadi ya chanjo inasema mtoto amedungwa nini na lini. Ya tatu, ambayo wengi hawaiulizii, ni majibu ya vipimo vya wazazi vya magonjwa ya kurithi. Mfugaji akikwambia "daktari amewaona wote wako sawa", hilo ni jambo jema ila halijibu swali. Mimi mwenyewe nikimshika Labrador mezani siwezi kujua kwa mkono na kwa jicho tu kama nyonga zake ni nzuri.

Kwa Labrador uliza nyonga, viwiko, macho na vipimo vya jeni. Displasia ya nyonga ni pale kichwa cha mfupa wa paja kisipokaa vizuri ndani ya tundu lake. Mbwa anakua, kiungo kinasuguana, na baadaye baridi yabisi inamwingia. Hupimwa kwa eksirei. Taasisi ya OFA ya Marekani, iliyoanza mwaka 1966, haitoi cheti cha mwisho cha nyonga kabla mbwa hajatimiza miezi 24. Kipimo kingine cha eksirei ya nyonga, PennHIP, kinaweza kufanywa tangu wiki 16. Nchi zinazofuata mfumo wa FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, hutoa herufi A hadi E, A ikiwa ndiyo bora, na Uingereza hujumlisha alama kutoka 0 hadi 106, ambapo chache ndiyo nzuri. Kwa hiyo mtu akikwambia jike wake wa miezi 14 aliyekwisha kuzaa ana cheti cha mwisho cha OFA, mwombe akuonyeshe, kisha utazame tarehe. Nyonga nzuri za wazazi hazikupi uhakika, maana jeni nyingi zinahusika pamoja na chakula na uzito, lakini zinapunguza hatari.

Vipimo vya jeni huchukuliwa kwa kijiti cha pamba shavuni au kwa damu. Kwa Labrador vya muhimu ni ule upofu wa taratibu unaoanza kwa kutoona vizuri gizani, unaoandikwa prcd-PRA, na udhaifu unaoandikwa EIC, ambapo mbwa mzima kabisa akikimbia kwa nguvu dakika kadhaa miguu ya nyuma inalegea mpaka anaanguka. Majibu huja kwa namna tatu: salama, mbebaji, au ameathirika. Usikimbie ukisikia "mbebaji", yaani anabeba jeni ya ugonjwa lakini mwenyewe haugui. Mbebaji akipandishwa na aliye salama hakuna mtoto atakayeugua ugonjwa huo. Wabebaji wawili wakipandishwa, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuupata. Mfugaji anayejua kukueleza hili bila kusoma kwenye simu, umempata. Ukisikia kigugumizi na "mimi mbwa wangu hawajawahi kuugua", endelea kunywa chai yako kwa adabu na uage.

Kama siku moja utabadili mawazo uchukue aina nyingine, orodha inabadilika. Doberman uliza moyo na ugonjwa wa damu kutoganda. Cavalier, valvu za moyo. Dalmatian, usikivu. Collie, jeni ya MDR1, maana wenye hitilafu hiyo wanaweza kudhurika vibaya kwa dawa kama ivermectin. Wenye nyuso bapa kama Bulldog na Pug, kupumua: mwombe mfugaji amkimbize mama uani dakika chache, kisha umsikilize. Na mtu yeyote anayekutangazia mbwa "wa kikombe cha chai" au rangi "adimu" kwa bei ya juu, mwulize swali moja tu, aliwapima nini wazazi, kisha hesabu sekunde za ukimya.

Nirudi kwa huyo wa wiki tano. Bila shaka amekwambia "wamekamilisha chanjo zote". Haiwezekani. Kinga ambayo mtoto ameinyonya kwa mama humlinda, lakini kinga hiyo hiyo huizima chanjo anayodungwa. Hupungua taratibu, kwa mmoja mapema, kwa mwingine mpaka wiki ya 14 au zaidi, na kwa kumtazama huwezi kujua. Ndiyo sababu chanjo za msingi, yaani distempa, homa ya ini ya mbwa na parvo, huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka atimize wiki 16 au zaidi. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida huja kuanzia wiki ya 12. Mtoto wa wiki nane kwa huyo mama atakuwa na chanjo moja, na sehemu iliyobaki ni kazi yako. Dawa ya minyoo ni tofauti, hiyo inapaswa kuwa imetolewa mara kadhaa: minyoo ya Toxocara hupita kutoka kwa mama kwenda kwa watoto wangali tumboni, kwa hiyo hupewa dawa wiki ya 2, ya 4, ya 6 na ya 8. Tumbo lililovimba kama ngoma juu ya mbavu zinazohesabika ni minyoo mpaka ithibitike vinginevyo, na minyoo hiyo huwapata hata watoto wa binadamu.

Parvo ndiyo inayonifanya niwe mkali. Virusi hivi vilitambuliwa kwa mbwa mwaka 1978 na katika muda mfupi vikaenea duniani. Vinaishi kwenye udongo na sakafu kwa miezi, hata mwaka. Spiriti na vitakasa mikono vya kawaida haviviui. Klorini ya kung'arishia nguo, sehemu moja kwa 30 za maji, inaviua. Niliwahi kuletewa mtoto wa mbwa aliyenunuliwa kwenye maegesho ya magari, siku ya nne tangu anunuliwe. Baba wa familia alimbeba ndani ya taulo la kuogea la mtoto wake, lenye picha ya samaki. Alikuwa ametapika usiku kucha, akaharisha damu, na ile harufu mtu ukiinusa mara moja huisahau kamwe. Tulimwekea dripu siku tatu. Kila asubuhi yule baba alikuwa wa kwanza mlangoni, na siku ya nne nilimwambia asimlete mwanawe. Namba ya muuzaji ilikuwa haipatikani tangu siku ile ile ya kununua.

Kwa hiyo huyo mama akikwambia vua viatu nje, nawa mikono, au akikuuliza kama leo umepita kwa mbwa wengine, usiudhike. Na kweli usipite. Ukipanga kuwatembelea wafugaji wawili, wape siku mbili tofauti na nguo tofauti. Mimi nikisikia kwamba mfugaji anaruhusu kila mtu aingie na viatu na kuwabeba watoto wa wiki tatu, naanza kumtilia shaka zaidi ya yule anayezuia.

Sasa mkataba. Usome wote. Kifungu ninachokitafuta mimi kwanza ni kile kinachosema kwamba, kwa sababu yoyote, katika umri wowote, ukishindwa kumfuga mbwa unamrudisha kwake. Mfugaji anayeandika hivyo amejifunga kwa miaka 12 au zaidi, na hapo ndipo yale maswali ya uzio na safari yanapopata maana: anajaribu kupunguza idadi ya mbwa watakaorudi uani kwake wakiwa na miaka mitatu, wamenona, hawajafunzwa kitu. Halafu uone unapewa siku ngapi za kumpeleka kwa daktari wako mwenyewe, na nini kinafuata daktari akikuta tatizo. Ukikuta sharti la kumhasi mbwa, uliza umri. Kwa aina kubwa kama Labrador madaktari wengi hushauri kusubiri mwili ukomae kwanza, na mfugaji mwelewa atakusikiliza. Malipo ya awali ni ya kawaida, mradi umekwisha kumwona mama na watoto, umepewa stakabadhi, na imeandikwa wazi kama pesa inarudi watoto wakifa au wakiwa pungufu. Picha za simu si kumwona. Ukiambiwa tuma kwanza halafu uje, usitume.

Kuhusu bei, mume wako ana haki ya kuuliza. Mwambie ajumlishe eksirei za nyonga na viwiko, vipimo vya jeni na macho, ada ya dume, kipimo cha Brucella, bakteria wanaoharibu mimba, kabla ya kupandisha, chakula cha jike anayenyonyesha wanane, chanjo, minyoo, chipu ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi, na mara nyingine upasuaji wa usiku jike akishindwa kuzaa. Kisha aondoe yote hayo. Kinachobaki ndicho gharama ya yule mwenye aina sita, na ndiyo maana anaweza kushusha bei.

Lililobaki kwenye barua yako ni hilo la yeye kuchagua. Mwachie. Amekaa nao wiki nane, wewe utakaa nao nusu saa. Yule aliyekukimbilia na kukulamba anaweza kuwa ndiye aliyeamka wakati huo, wenzake wameshiba wamelala. Unachopaswa kufanya ni kumweleza ukweli kuhusu maisha yenu, kelele za nyumbani, mzee anayeyumba akitembea kama yupo, saa ambazo nyumba inabaki tupu. Usimwambie "nataka mwenye alama nyeupe kifuani". Nimewaona wengi wakilazimisha kumchukua jasiri kuliko wote kwenye mzao, kisha baada ya miezi sita wananiuliza kama kuna dawa ya kumtuliza.

Hata hivyo ukipewa, mkague. Macho makavu yasiyo na tongo, fizi za waridi, masikio yasiyonuka, kitovu kisicho na uvimbe laini, mwendo usiochechemea. Dume, korodani mbili. Zisipoonekana wiki ya nane bado zinaweza kushuka, lakini iandikwe kwenye mkataba. Usomwe mwili wote kwa chipu mbele yako na namba ya tarakimu 15 ilingane na ya kwenye karatasi. Ndani ya siku mbili tatu mpeleke kwa daktari asikilize moyo. Mfugaji mzuri naye anaweza kupata mtoto mgonjwa, hilo ulijue. Tofauti utaiona ukimpigia simu: atapokea, atauliza, na atawaarifu waliochukua wale wengine.

Wawili, hapana. Najua inaonekana ni huruma. Watoto wawili wa umri mmoja hutazamana wao kwa wao. Wewe unabaki mtu wa kuleta sahani. Kila mmoja angehitaji kutembezwa peke yake, kufunzwa peke yake, kulala peke yake, na hamna hizo saa, ndio kwanza mnaanza. Mfugaji anayekubali kukupa wawili bila kusita ameniongezea shaka. Mkitaka wa pili, subirini wa kwanza apite mwaka na nusu, awe anaitika akiitwa.

Siku ya kumchukua, mwombe mama huyo asimlishe saa mbili tatu kabla ya safari, maana atatapika garini. Peleka kitambaa cha zamani siku chache kabla, kikae na mama na ndugu zake, urudi nacho kikiwa na harufu yao. Chukua chakula kile kile anachokula, cha wiki moja, na ukitaka kubadili changanya kidogo kidogo kwa siku saba hivi. Mpaka chanjo zikamilike mtoe nje mikononi, barabarani aone pikipiki na watu wenye kofia, bila kumweka chini mahali mbwa wengine wanapopita. Usiku wa kwanza alale pembeni ya kitanda chenu. Atalia, mpe mkono.

Na mume wako, usimwache nyumbani siku ya kwenda kutazama. Aende akae sakafuni na yule jike aliyekonda, aulize mwenyewe kuhusu nyonga. Ila asivae viatu vya kamba, maana atavivua mlangoni.